Utandu wa manjano kwenye banda la uyoga Khayega: inakula nini, na nani anaikula

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja hapa Khayega, ule upande wa kuelekea msitu wa Kakamega, analima uyoga wa oista kwenye banda la udongo, mabegi yamepangwa kwenye rafu za mbao ngazi tatu, na sabstreti yake, yaani kile uyoga unaotea ndani ya begi, ni bagasi (makapi ya miwa) aliyochanganya na brani (pumba za nafaka) na chokaa. Mvuno wa kwanza ulikuja vizuri sana. Wa pili ukaanza kuchipuka, alafu asubuhi moja akapata kitu ya manjano imetandaa juu ya mabegi ya rafu ya chini, inang'aa, iko na majimaji, inakaa yai lililopasuka likamwagika. Akaikwangua na kisu akatupa nje ya mlango. Kesho yake iko tena, na safari hii imehamia begi la pembeni, na vichwa vya uyoga vilivyokuwa vimetoka pale vimelainika vimekuwa uteute tu.

Akaenda agroveti akauziwa dawa ya ukungu. Kabla hajaipiga akanipigia simu, manake mimi ni mwalimu wa biolojia na hawa wakulima wa uyoga wa hapa huwa wananiuliza mambo yao. "Mwalimu, hii kitu inatembea," ndio ilikuwa salamu yake. Nikamwambia mama, hiyo dawa iweke kando kwanza, usipulize chochote mpaka nifike.

Naandika kisa chote kwa urefu kwa sababu wengi wanaolima uyoga huku magharibi mwa Kenya wataipata hii kitu siku moja, mvua yetu ni nyingi na mbao zetu zinaoza haraka, na ushauri wanaopewa ni kupuliza. Mimi naona swali la kwanza si tuiue na nini, swali ni inakula nini hapa ndani. Ukishajua chakula chake umeshajua banda lako limeharibika wapi.

Hii ni slaimu moldi. Si ukungu, na si mmea, na si mnyama pia, iko kwenye ukoo wa amiba. Watu waliiweka pamoja na ukungu zamani kwa sababu ikimaliza kula inatoa vichwa vya spora, ile vumbi inayozaana nayo, na vichwa hivyo vinafanana na uyoga mdogo. Lakini Mjerumani Anton de Bary, huko nyuma karne ya 19, alishaona kwamba inaishi kama kiumbe kinachomeza, sio kama ukungu. Leo zimeandikwa zaidi ya spishi 900 za aina hii inayotandaa, na Afrika pia zipo, Ndiritu na wenzake walichapisha orodha ya za Afrika mwaka 2009, kwa hivyo hakuna mtu aniambie ni kitu kililetwa na mbegu kutoka ng'ambo. Sasa angalia hiyo dawa ya agroveti: imetengenezwa kupiga ukungu. Uyoga wa mama ndio wa ukoo wa ukungu. Yaani ungepuliza dawa ya kumpiga mwenye nyumba ukitafuta mwizi, na bado huo uyoga unaenda sokoni kuliwa na watu.

Nilipofika tulifunga mlango tukatumia tochi. Huu utandu ukiuangalia kwa karibu mbele yake umepanuka kama kipepeo cha kupepea jiko, mwembamba, ukingo wake umevimba kidogo, alafu nyuma unagawanyika kuwa mishipa, minene kidogo, mingine myembamba kuliko uzi. Nikampa kijana wake lensi ya kushika mkononi nikamwambia achague mshipa mmoja asiondoe macho hapo. Akakaa kimya alafu akasema, "Mwalimu, maji ya ndani yanaenda... ngoja, yamesimama... sasa yanarudi." Ndio hivyo. Ule ute wa ndani unasukumwa mbele, unasimama, unarudi nyuma, alafu unaenda mbele tena, kila mzunguko unachukua kama dakika moja na kitu, na kila wakati unaenda mbele zaidi kidogo kuliko unavyorudi, hivyo ndivyo kitu yote inasonga. Mwendo wa kawaida ni kama sentimita 1 kwa saa, ikiharakisha inafika hata 4. Na yote hiyo ni seli moja! Seli moja kubwa kuliko kiganja, haina kuta za ndani, imejaa viini vya seli kwa maelfu na maelfu. Mama alikuwa na haki ya kusema inatembea.

Sasa kula. Haina mdomo, haina tumbo. Ngozi yake inazunguka bakteria au chachu au spora au kipande cha uzi wa uyoga, inakifunika pande zote mpaka kinabaki ndani kwenye kifuko kidogo, alafu vimeng'enya vinamwagwa ndani ya kifuko hicho na chakula kinayeyushwa humo humo. Kile kimeshindikana kinatemwa nje na kuachwa njiani. Pia inatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, inalainisha chakula kikubwa ambacho haiwezi kumeza mara moja, na kile kilichoyeyuka inakifyonza moja kwa moja kupitia ngozi. Hapo ndio ile uteute ya vichwa vya uyoga ilitoka. Tofauti yake na uyoga wenyewe ni kubwa: uyoga haumezi kitu, unamwaga vimeng'enya kwenye bagasi na kunywa kilichoyeyuka kupitia nyuzi zake nyeupe. Slaimu inafanya yote mawili, na ikishapata, mishipa ile inabeba chakula mpaka kona ya mwisho, hata sehemu ambayo haijagusa chochote inashiba.

Na kwamba slaimu inaweza kula uyoga mzima sio habari mpya. Mwingereza Arthur Lister aliandika mwaka 1888 vile aliitazama Badhamia utricularis ikila uyoga wa kwenye magogo. Na mashamba ya uyoga kule Asia yameshaipata, sana sana zile za jamii ya Physarum, na hii ya Khayega mimi naiweka kwenye jamii hiyo kwa rangi, kwa mishipa, na kwa vile vichwa vyake vya spora tulivyoona baadaye.

Lakini hapa ndipo nilipotaka kufika. Kama inakula uyoga tu, mbona haikupanda rafu ya juu ambako uyoga ulikuwa mwingi na mnene? Mbona inang'ang'ana chini? Tukashusha mabegi tukayapanga kwenye gunia. Yale ya juu nyuzi nyeupe zimejaa begi lote, ukigonga linalia kavu, harufu ni ile tamu ya uyoga. Ya chini nyuma yamekusanya maji, kona zimekuwa na rangi ya chai, na nilipopasua moja harufu ilitoka chungu ya pombe ya busaa iliyolala. Hiyo ni bakteria. Nikamuuliza mama, brani ulipima? Akanyamaza kidogo alafu akasema aliambiwa na mwenzake kwenye chama kwamba brani ikizidi uyoga unakuwa mkubwa, kwa hivyo kwa yale mabegi ya mwisho alimwaga kwa macho. Na dramu la mvuke, lile la kuua vijidudu kwenye bagasi? Kuni zilikuwa mbichi, moto ulizimika mara kadhaa, wakaona bagasi imepata moto wakapakia.

Basi jibu likaanza kujitokeza. Bagasi ni makapi yaliyobaki baada ya miwa kukamuliwa sukari, naitrojeni yake ni kidogo mno, ndio maana tunaongeza brani. Ukizidisha brani na mvuke haukushika vizuri, wa kwanza kufurahia si uyoga, ni bakteria, wao wanazaana haraka kuliko uyoga unavyoweza kutandaza nyuzi. Na mahali bakteria wamejaa, slaimu imepata meza imeandaliwa.

Ili nisibaki nikibahatisha tulifanya jaribio dogo. Sahani pana yenye tishu iliyoloweshwa, katikati kipande cha ule utandu, alafu kuzunguka nikaweka oti za uji, kipande cha bagasi iliyochacha, kipande cha begi zuri lililojaa nyuzi nyeupe, na kichwa kidogo cha uyoga. Tukafunika na gazeti tukaiacha usiku. Asubuhi ilikuwa imetuma mishipa pande zote, lakini mishipa minene ilikuwa kwenye bagasi iliyochacha na kwenye oti, kichwa cha uyoga kilikuwa kimefunikwa upande mmoja, na kile kipande cheupe cha begi zuri kilikuwa kimeguswa na uzi mmoja mwembamba tu. Sahani moja si utafiti, nakubali, lakini ilikubaliana na kile tulichoona kwenye rafu.

Na inakubaliana na kazi za watu wakubwa pia. Mwaka 2010 Audrey Dussutour na wenzake walichapisha jaribio la Physarum polycephalum, waliiwekea vyakula tofauti, vingine vina protini nyingi na vingine wanga mwingi, na hiyo kitu isiyo na ubongo ikajigawa kati ya vyakula mpaka ikawa inaingiza protini mbili kwa wanga mmoja. Yaani inapima! Fikiria sasa banda lenye bagasi tupu, wanga wanga kila mahali, alafu kona moja kuna brani imezidi na bakteria ambao miili yao ni protini. Itaenda wapi?

Protini ndiyo inaendesha vita vyote mle ndani, na hili wakulima wengi hawajawahi kuambiwa. Uyoga wa oista wenyewe ni mwindaji. Mti na bagasi havina naitrojeni ya kutosha, kwa hivyo nyuzi zake zina vijivimbe vyenye sumu, minyoo midogo ya nematodi ikigusa inapooza, alafu nyuzi zinaingia ndani ya mnyoo na kuunyonya. Thorn na Barron waliandika hiyo mwaka 1984. Kwa hivyo pale kwenye rafu ya chini uyoga unakula minyoo, minyoo wengi wanakula bakteria, slaimu inakula bakteria na pia inakula uyoga. Na slaimu nayo ina wenyewe: kuna mbawakawa wadogo sana ambao maisha yao yote ni kula slaimu na spora zake, kuna funza wa vinzi wanaoishi ndani ya utandu, konokono wasio na nyumba wanaulamba, na kuna ukungu unaoota juu ya slaimu, kama Nectriopsis violacea ambao unaishi kwenye Fuligo septica. Nyuma ya begi moja tulipata wale mbawakawa, wadogo kuliko mbegu ya wimbi, wa kahawia, wamebeba vumbi jeusi la spora mgongoni. Hao si wa kushangilia. Wanakula spora, sawa, lakini pia wanatembea nazo kutoka begi hadi begi.

Kuna binamu wengine wa slaimu udongoni ambao wameenda mbali zaidi, wacha niweke hapa kwa sababu inanifurahisha kila nikiisoma. Dictyostelium discoideum inaishi kama amiba mmoja mmoja, ikikosa chakula zinajikusanya zinakuwa kitu kimoja, baadhi zinakufa zikiwa kijiti cha kuinua wenzao juu. Mwaka 2011 Debra Brock na wenzake walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya zile walizookota porini hazimalizi bakteria wote, zinabakisha wengine, zinawabeba ndani ya spora na kuwapanda zikifika mahali papya. Mbegu ya msimu ujao, kabisa. Hii yetu ya manjano haijulikani kwa ukulima wa namna hiyo, yenyewe ni kula tu na kuhama.

Turudi kwa banda. Mama kabla ya kunipigia alikuwa ameshajaribu chumvi, alizungushia miguu ya rafu vile tunazungushia majivu siafu wasipande. Anasema mwanzo ilisimama, ikageuka, alafu baadaye ikapita. Sehemu ya sababu ni kwamba maji ya kunyunyiza yaliyeyusha chumvi, hilo nililiona kwenye sakafu. Lakini kuna lingine. Dussutour na wenzake mwaka 2016 waliilazimisha Physarum ivuke daraja lenye kwinini au kafeini kufikia chakula, vitu ambavyo haivipendi lakini kwa kiasi hicho haviidhuru, na baada ya siku chache ilikuwa inavuka kama hakuna kitu. Mwaka 2019 kundi hilo likaonyesha kwamba kwa chumvi inafyonza ile chumvi yenyewe mwilini, na ikikauka ikalala mwezi mzima ikaamshwa, bado imeizoea. Kwa hivyo hizi mbinu za kuzungushia kitu kisichoipenda mimi sizipendekezi, unaipa mazoezi tu.

Ilitoka wapi? Slaimu ikipita inaacha ute nyuma, na ute ukikauka unabaki kama ramani ya njia zake, tochi ukiilaza chini kabisa unaziona ziking'aa. Tulizifuata kurudi nyuma, kutoka begi la tatu, la pili, la kwanza, ubao wa rafu, mpaka kwenye nguzo ya kona ambayo ni mti wa blugamu (mkaratusi) uliowekwa na ganda lake. Ganda limeachia, chini yake kumeoza, na humo ndani kulikuwa na manjano. Kitu kingine ambacho nilimwonyesha kijana ni kwamba zile njia hazirudiani, kila mahali imepita haikurudi. Chris Reid na wenzake mwaka 2012 walithibitisha hii: inaukwepa ute wake yenyewe, ute ndio kumbukumbu yake ya nje, unaiambia hapa nimeshamaliza. Ndio maana kila akiikwangua begi moja ile iliyobaki inaenda begi jipya badala ya kurudi lile la jana, na ndio maana kukwangua begi bila kugusa nguzo ni kazi ya bure.

Tulichofanya sasa. Wazo la kwanza la kijana lilikuwa kufungua mlango na madirisha jua liingie liikaushe. Nikamzuia, na hili naomba lishikwe: slaimu iliyokosa chakula ikimulikwa na mwanga ndio inaamua kutengeneza spora, na ikikauka polepole haifi, inajikunja kuwa kitu kigumu kama gamba na kungoja unyevu hata miezi. Unaitoa ikiwa bado mbichi. Tulitoa mabegi yote ya rafu ya chini yaliyonuka, tukayafungia kwenye gunia kabla ya kuyapitisha mlangoni. Ile nguzo ikang'olewa, zilizobaki zikachunwa maganda na kupakwa chokaa. Mbao za rafu zikasuguliwa na maji ya moto, zikaanikwa nje mpaka zikakauka kabisa. Kwenye nguzo ile kulikuwa na sehemu imeshatoa vichwa, vijiti vifupi vyenye vichwa vya kijivu vilivyokunjamana, na hapo tuliweka kitambaa kilichoroweshwa kwanza ndio tukatoa, kwa sababu ukivigusa vikavu vinapuliza vumbi jeusi, na mtu mwenye pumu anaweza kusumbuka. Mama ana mjukuu mwenye pumu, huyo hakuruhusiwa kukaribia.

Kunyunyiza tukahamisha kutoka mabegi hadi kwenye mchanga wa sakafu na kuta, mabegi ya chini yakatobolewa kona maji yatoke, na rafu ya chini ikainuliwa ipate hewa. Kwa kundi jipya, brani inapimwa kwa mizani, haizidi kilo 10 kwa kilo 100 za bagasi kavu, na dramu linakaa kwenye digrii 60 hadi 80 kwa saa kadhaa mfululizo, moto ukizima unaanza kuhesabu upya. Bagasi yenyewe hairundikwi tena chini kwenye udongo nje ya banda, ilikuwa inalala hapo wiki nzima kabla ya kutumika, na hapo spora na bakteria wanajichukulia nafasi mapema.

Je, uyoga uliobaki unauzika? Uliotoka mabegi safi, ndiyo. Ule ulioguswa na utandu nilimwambia atupe. Slaimu yenyewe sijasikia imeua mtu kwa kuliwa, hata kule Veracruz nchini Meksiko kuna watu wanaokaanga Fuligo septica na kuila, lakini hapa tunaongelea chakula kilichokaa kwenye bakteria wa begi lililochacha, na sitaki mteja wake augue.

Mabegi ya juu yalitoa mvuno wa pili vizuri. Ya kati machache yalipoteza. Kundi jipya limejaa nyuzi nyeupe mpaka chini na hakuna manjano, ingawa ukuta wa nyuma unapitisha maji mvua ikinyesha na mama amekubali kwamba ukarabati huo hauwezi kungoja mavuno mengine. Dawa ya agroveti haikufunguliwa.

Ile nguzo na mabegi yaliyochacha vilitupwa mwisho wa shamba kwenye shina la mgomba uliokatwa, mbali na banda na upande ambao upepo hautoki kuja nyumbani. Mvua iliponyesha manjano ikatokea hapo, kubwa kuliko ile ya ndani, na mkaza mwana wa mama akanitumia picha akiuliza kama aimwagie maji ya moto. Nikamjibu aiache. Pale inakula bakteria waliokula brani ya mama, na kila kiumbe kinachokula bakteria kinatoa naitrojeni iliyozidi, ikarudi udongoni ambako mizizi inaweza kuichukua. Shida yake ilikuwa ndani ya banda. Huko nje ifanye kazi yake, mradi hakuna mtu atachukua mbao kutoka pale kwenda kutengeneza rafu.